Karatasi Tupu ya Delaware

Jumatano ya tarehe 11 Februari 1801, theluji ikianguka juu ya mji wa Washington, mgonjwa alibebwa hadi kwenye jengo la Bunge. Jengo lenyewe lilikuwa bawa moja tu. La pili lilikuwa bado halijajengwa, na mji uliolizunguka ulikuwa matope na visiki vya miti. Mgonjwa alikuwa Joseph Nicholson, mbunge wa Maryland, mwili ukimwaka homa. Walimtandikia kitanda katika chumba cha kamati kando ya ukumbi, mkewe akakaa ubavuni pake na maji na dawa. Kila duru ya kura ilipoitishwa, alisaidiwa kuinuka, akaandika jina la Thomas Jefferson kwenye kikaratasi, akarudi kulala. Usiku ukapita hivyo.

Wala kura yake haikuwa ya kumpa mtu ushindi. Katiba ilisema kwamba Baraza la Wawakilishi likilazimika kumchagua rais, kila jimbo lihesabiwe kura moja tu, na wabunge wa Maryland walikuwa 8, wamegawanyika 4 kwa 4. Jimbo la namna hiyo haliendi upande wowote. Nicholson angebaki nyumbani chini ya blanketi, Maryland ingekwenda kwa Aaron Burr, aliyefungana na Jefferson kwa kura. Kwa hiyo mtu yule alipitishwa kwenye theluji, roho mkononi, ili jimbo lake liendelee kukaa kimya.

Kuzaliwa kwa dola ya Marekani kuna sura yake inayopendwa, nayo ni ya Philadelphia mwaka 1787: kiangazi kikali, madirisha yamefungwa, walinzi mlangoni, wajumbe 55 waliofika kwa zamu zao, na 39 kati yao wakitia saini tarehe 17 Septemba. Sina ugomvi na sura hiyo. Lakini kuandika katiba ni kazi ya watu ambao, hata wakigombana, wamekuja kutafuta pa kukutania. Mimi moyo wangu hurudi kwenye siku zile saba za Februari 1801, pale waandishi wale wale na vijana wao walipogundua kwamba wameandika kitabu chenye kurasa za kila jambo isipokuwa ukurasa wa kushindwa.

Katiba yao haina neno "chama" hata mahali pamoja. Hawakusahau, waliliogopa. Kwao chama kilikuwa genge, kikundi cha watu waliojitenga na wenzao ili wajipatie cha kwao. Novemba 1787, James Madison aliandika makala akieleza kwamba makundi yanatokana na maumbile ya binadamu, na huwezi kuyafuta bila kuufuta uhuru wenyewe. Dawa yake ilikuwa ukubwa: nchi iwe pana, makundi yawe mengi, lisipatikane moja la kuyameza mengine. Jefferson naye alimwandikia rafiki yake mwaka 1789 kwamba kama hakuna njia ya kuingia peponi ila kwa chama, basi yeye hataki kwenda huko. Miaka mitatu baadaye Madison na Jefferson walikuwa na chama, na kikubwa.

Hapa ndipo penye kichekesho kinachonifurahisha kuliko vyote vya zama zile. Mwaka 1792 George Washington alitaka kupumzika, akamwomba Madison amwandalie rasimu ya maneno ya kuaga. Akashawishiwa abaki. Ilipofika 1796 akaitoa rasimu ile sandukuni, lakini wakati huo yeye na Madison hawakuwa tena wa kuketi pamoja, kwa hiyo akampa Alexander Hamilton aimalizie. Hotuba ikatoka gazetini tarehe 19 Septemba, na sehemu yake yenye uzito ni onyo dhidi ya moyo wa vyama. Onyo hilo, basi, lilipitia kwenye kalamu za vinara wa vyama viwili, mmoja baada ya mwingine. Wala hawakuwa wanafiki. Kila mmoja aliamini kwa dhati kwamba chama ni kile cha mwenzake. Cha kwake kilikuwa taifa.

Walianza kugawanyika juu ya neno moja. Hamilton, Waziri wa Fedha, alitaka benki ya taifa. Katiba haikutaja benki, ila ililipa Bunge mamlaka ya kutunga sheria zilizo za lazima na zinazofaa kwa kutekeleza kazi zake. Ya lazima kiasi gani? Jefferson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alimwandikia Washington kwamba lazima ni lazima: kitu ambacho bila hicho kazi haifanyiki kabisa. Hamilton akajibu kwamba watu hawasemi hivyo. Mara nyingi "lazima" maana yake ni chenye manufaa, chenye kusaidia. Sisi tunaosema Kiswahili kutwa tunaujua ugomvi huu bila kufundishwa. Mtu akikuambia lazima ufike harusini kwake, hukimbilii kamusi, na usipofika ndoa haivunjiki. Lakini daktari akisema lazima upasuliwe, unauza mbuzi. Neno ni lile lile, na anayeamua upana wake ni yule mwenye kulisema na yule mwenye kulisikia. Washington aliusikia upande wa Hamilton, akatia saini Februari 1791.

Mabishano hayo yangeweza kubaki mabishano ya wanasheria. Hayakubaki. Yaliingia magazetini, na magazeti ya siku zile hayakuwa na haya. Jefferson alimpa Philip Freneau kazi ndogo ya ukalimani wizarani kwa dola 250 kwa mwaka, na Freneau akafungua gazeti la kumchapa Hamilton. Kisha yakaja mapinduzi ya Ufaransa, ukaja mkataba na Uingereza uliothibitishwa 1795, na kila kambi ikaona mkono wa mgeni ndani ya koti la mwenzake. Wafederalisti wa Hamilton wakaitwa vibaraka wa mfalme wa Uingereza, Warepublikani wa Jefferson (wasichanganywe na chama cha leo chenye jina hilo) wakaitwa mawakala wa Paris. Ukishafika hapo hubishani tena na mwananchi mwenzako. Unamkamata haini.

Neno letu "mpinzani" limetoka katika kupinga, yaani kuweka kitu kikingame njiani. Ni hapo hapo panapotoka pingamizi, na pingu nazo hazisikiki mbali. Tunalitumia kila siku bungeni na redioni kana kwamba ni jina la cheo, lakini ndani yake bado kuna gogo lililolala barabarani, na gogo barabarani dawa yake ni kuliondoa. Waingereza walichukua muda mrefu kuzoea kwamba mtu anaweza kuipinga serikali ya mfalme na bado akawa mtu wa mfalme. Wamarekani wa miaka ya 1790 walikuwa hawajafika hata nusu ya njia hiyo.

Mtazame Matthew Lyon. Alizaliwa Ireland, akaingia Marekani akiwa kijana, utumishi wa mkataba shingoni, akapanda hadi kuwa mbunge wa Vermont. Januari 1798, Roger Griswold wa Connecticut alimkejeli mbele ya watu juu ya mwenendo wake vitani. Lyon akamtemea mate usoni. Wafederalisti walitaka afukuzwe, kura hazikutosha. Asubuhi ya 15 Februari, Griswold aliingia ukumbini na fimbo nene, akamwendea Lyon aliyekuwa ameketi, akamshushia kichwani na mabegani. Lyon akajikokota hadi kwenye meko, akashika koleo la moto, wakaviringishana sakafuni mbele ya wabunge wenzao, mpaka walipovutwa miguu kuachanishwa. Hao ndio warithi wa watu waliofunga madirisha ili wasikilizane.

Julai mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya uchochezi. Kuandika uongo wa kuidhalilisha serikali, Bunge au rais kukawa jinai. Uisome kwa makini utaona mmoja hakulindwa: makamu wa rais. Makamu wa rais alikuwa Jefferson. Lyon alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunaswa, kwa kuandika kwamba Rais John Adams ana kiu ya makuu na kusujudiwa. Akapata miezi 4 jela na faini ya dola 1,000. Watu wa Vermont wakamchagua tena akiwa ndani. Huko New Jersey mlevi mmoja alisikia mizinga ikipigwa kwa heshima ya Adams, akasema hajali hata wakimlenga rais makalioni. Naye akatozwa faini. Serikali ikishaanza kuwashitaki walevi, ujue hofu imeshika hatamu.

Adams na Jefferson kuwa serikali moja kulitokana na ule ukurasa uliokosekana. Katiba ya mwanzo ilimtaka kila mjumbe wa uchaguzi aandike majina mawili bila kusema nani rais na nani makamu. Wa kwanza anakuwa rais, wa pili anakuwa makamu. Ni utaratibu mzuri kwa watu wanaotafuta waungwana wawili bora. Kwa watu wenye vyama ni mtego. Mwaka 1796 Adams alipata 71, Jefferson 68, na mafahali wawili wakafungwa zizi moja kwa miaka minne. Mwaka 1800 Warepublikani walijifunza nidhamu, wakajifunza kupita kiasi: kila mjumbe wao aliandika Jefferson na Burr, na hakuna aliyekumbuka kuacha jina moja. Wakatoka 73 kwa 73. Wafederalisti walikuwa waangalifu zaidi, mjumbe wao mmoja wa Rhode Island akaandika John Jay badala ya Charles Cotesworth Pinckney, ili Adams abaki na 65 na Pinckney 64. Walishindwa kwa ustadi.

Sasa uamuzi ukaangukia Baraza la Wawakilishi, na humo wenye kushika mizani walikuwa hao hao walioshindwa. Majimbo 16, ushindi ni 9. Jefferson ana 8, Burr ana 6, Vermont na Maryland yamegawanyika. Duru baada ya duru, hesabu haikusogea. Wafederalisti wengi waliona heri Burr, mtu asiye na msimamo unayeweza kuzungumza naye bei, kuliko Jefferson mwenye imani zake. Hamilton, hasimu mkubwa wa Jefferson, aliwaandikia barua akiwasihi wasimchague Burr, na wengi wao hawakumsikiliza. Wengine walinong'ona kwamba muda ukiisha bila rais, Seneti imteue mtu wa kushika. Magavana wa Pennsylvania na Virginia, wa kambi ya Jefferson, wakaanza kupanga askari wa mgambo.

Tuna methali isemayo asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunaitamka kirahisi, hasa tukiwa tumeshinda. Lakini waangalie wazee wanaocheza bao barazani. Aliyefungwa anacheka, anatukana kidogo, halafu mkono wake tayari umeanza kupanga kete upya. Anakubali kushindwa kwa sababu ubao hauondoki, na kesho alasiri yule aliyemfunga atakuwa ameketi pale pale. Mfungie ubao, mwambie huu ndio mchezo wa mwisho wa maisha yake na mshindi atachukua nyumba, kisha umsomee methali. Wafederalisti wa 1801 hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba kete zitapangwa tena. Hapakuwa na mfano. Walikuwa wao wenyewe wametunga sheria ya kuwafunga wapinzani, na mtu hupima kisu cha mwenzake kwa makali ya kisu chake.

Jimbo la Delaware lilikuwa dogo kiasi cha kuwa na mbunge mmoja, James Bayard, Mfederalisti mwenye umri wa miaka 33. Kura yake ilikuwa ndiyo kura ya jimbo. Katika duru 35 aliandika Burr. Kisha akawaambia wenzake kwamba inatosha. Walimzomea. Jumanne, tarehe 17 Februari, duru ya 36, alitumbukiza karatasi isiyo na jina. Wafederalisti wa South Carolina wakafanya vivyo hivyo. Wale wanne wa Maryland waliokuwa wa Burr wakaacha karatasi zao tupu, na kura ya akina Nicholson, iliyokuwa kwa siku zote zile ikizima tu kura za wenzao, ikahesabika. Mfederalisti wa Vermont akajitoa, jimbo likabaki mikononi mwa mtu mmoja: Matthew Lyon, yule yule wa koleo na jela. Majimbo 10 kwa Jefferson.

Hakuna Mfederalisti hata mmoja kati ya waliokuwa wa Burr aliyeandika jina la Jefferson siku hiyo. Hapo ndipo ninaposimama kila nikisoma. Hawakubadili maoni, hawakumkumbatia mtu, hawakutoa hotuba za maridhiano. Waliacha tu kuziba njia. Bayard baadaye alidai kwamba kwa kupitia mbunge mwenzake, Samuel Smith, alipewa ahadi kuhusu deni la taifa, jeshi la majini na vyeo vya watu wake, Jefferson akakana. Inawezekana palikuwa na biashara. Mimi haininyimi usingizi. Tumezoea kudai kwamba wema wa kisiasa uje umeoga na kuvaa kanzu nyeupe, na kwa kuungoja hivyo tunaukosa ule unaokuja na matope miguuni. Karatasi tupu ni kitu kidogo. Haimsifu aliyeiweka wala aliyefaidika nayo. Lakini siku ile ilikuwa na kazi ambayo katiba nzima ilikuwa imeshindwa kuifanya.

Nisiwapambe kupita kiasi. Ukumbi ule uligombania uhuru huku hesabu yenyewe ikiwa imesimama juu ya migongo ya watumwa. Katiba ilisema kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti, bila hata kulitaja neno mtumwa. Watu hao, karibu 700,000 katika sensa ya 1790, hawakupiga kura, lakini idadi yao iliwazidishia mabwana zao kura. Wanahistoria wamepiga hesabu wakaona kwamba bila nyongeza hiyo, Adams, ambaye hakuwahi kumiliki mtumwa, ndiye angeshinda. Na katika kiangazi cha 1800, kampeni ikiwa moto, mtumwa mhunzi aitwaye Gabriel alipanga uasi karibu na Richmond, kwa jina la uhuru ule ule. Njama ilifichuka, yeye na wenzake zaidi ya 20 wakanyongwa. Gavana wa Virginia alikuwa James Monroe, aliyekuwa tayari kuita mgambo miezi michache baadaye ili haki ya Jefferson isiporwe. Watu waliojifunza kwa taabu namna ya kushindwa bila kuuana walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo nani asiingizwe mchezoni.

Na washindi je? Sheria ya uchochezi ilikufa yenyewe ilipofika kikomo chake, na Jefferson akawasamehe waliofungwa kwayo. Benki ya Hamilton hakuibomoa. Mwaka 1803 Ufaransa ilipoiuza Louisiana kwa dola milioni 15, yule bwana wa "lazima ni lazima" alijua kwamba katiba haisemi lolote juu ya kununua nchi, akafikiria kwanza kuibadilisha, kisha akanunua. Madison, aliyeipinga benki ya kwanza bungeni, alitia saini ya pili mwaka 1816 akiwa rais. Wafederalisti nao, walioihubiri serikali kuu yenye nguvu, wakishakuwa nje wakaanza kuimba haki za majimbo. Katiba ilikuwa nyembamba kwa aliye nje, ikapanuka akiingia ndani. Ukipenda waite vigeugeu. Mimi naona kwamba kubadilishana viti kuliwafundisha wote wawili kile ambacho hoja hazikuwafundisha. Mwaka 1804 ukurasa uliokosekana ukaandikwa: rais na makamu wapigiwe kura mbalimbali.

Wafederalisti hawakushinda tena urais. Kete zilipangwa kweli, mara nyingi, nao wakafungwa kila mara, mpaka chama chao kikafifia kabisa baada ya vita vya 1812. Bayard aliacha karatasi yake tupu akiwa na tumaini la zamu nyingine, na zamu haikuja. Hamilton aliuawa kwa risasi ya Burr mwaka 1804.

Tarehe 4 Machi 1801, siku ya Jefferson kula kiapo, Adams hakungoja. Saa kumi alfajiri, gizani, alipanda gari la farasi la abiria kuelekea kaskazini. Walimsema sana kwa hilo, ati hakuwa na uungwana wa kukaa saa chache ampe mkono mwenzake. Labda. Lakini nikilifikiria gari lile likiyumba kwenye matope ya Washington, sioni askari wa kulisindikiza wala wa kulizuia. Massachusetts ilikuwa mbali, na mzee wa miaka 65 alikuwa anarudi shambani kwake, amenuna.